Truman: aanzie chuoni kwake
Dada, umeuliza kama binti yako wa mwaka wa tatu huko Marekani anaweza kutuma mwenyewe maombi ya Truman Scholarship, ufadhili wa Marekani kwa wanafunzi wanaotaka kufanya utumishi wa umma. Hapana. Chuo ndicho kinachompendekeza, na kwa kawaida hakizidishi majina manne. Kwa hiyo amtafute anayeshughulikia Truman chuoni sasa hivi, maana mchujo wa ndani hufanyika mapema. Pia lazima awe raia wa Marekani. Grini kadi haitoshi.

Pesa ni hadi dola 30,000 za masomo ya juu baada ya shahada ya kwanza, na si za bure kabisa: baada ya kuhitimu masomo hayo anatakiwa afanye utumishi wa umma miaka 3 kati ya 7 ya mwanzo, la sivyo anazirudisha. Ualimu wa shule za umma unahesabika, hata mashirika yasiyo ya faida. Siasa hazibagui, Neil Gorsuch, jaji mhafidhina wa Mahakama Kuu ya Marekani, na Stacey Abrams, mwanasiasa wa chama cha Democratic, wote wamepita humo.

Panapowashinda wengi ni lile pendekezo la sera, ambalo unamwandikia kiongozi mahususi wa serikali. Mpwa wangu aliandika atapunguza umaskini mjini kwake. Mwalimu akamrudishia karatasi na maneno mawili tu ya kalamu nyekundu: "Basi gani?" Yaani, ataje jambo moja mahususi, kama basi fulani la abiria. Akarudi kuandika kuhusu basi moja linaloacha kupita saa mbili usiku, wakati wauguzi wa zamu bado wako hospitalini. Truman hakuipata, lakini karatasi ile ndiyo iliyompa kibarua chake cha kwanza halmashauri.