Maswali na majibu: Minazi, miwa na ndala za Karibi

Tangu tuanze kuzungumzia wasanii wa visiwa vya Karibi, maswali yamekuja mfululizo. Tuanze na haya.

Picha za Karibi ninazoziona ni minazi, machweo na kasuku. Hayo si mapambo ya kuuzia watalii? (Msomaji, Mombasa)

Yapo, tena mengi, na wateja wake wapo. Lakini mtafute Ebony G. Patterson, mzaliwa wa Kingston, Jamaika. Kwa mbali kazi zake ni bustani: maua, vipepeo, vitu vinavyometameta. Sogea karibu uone kiatu, mkono, mwili uliolala chini ya maua yale. Mwaka 2023 alitandaza mamia ya sanamu za tumbusi weusi katika bustani ya mimea ya New York. Watu wamekwenda kutazama maua, wanapokewa na ndege wa mizoga! Nilifurahi sana.

Picha "La Jungla" (yaani "Msitu") ya Wifredo Lam inasifiwa mno. Mimi naona vurugu tu, msitu siuoni. (Msomaji, Morogoro)

Jicho lako ni zuri, maana msitu haupo. Lam alikuwa Mkuba, baba yake Mchina, mama yake mwenye asili ya Kiafrika na Kihispania. Alirudi nyumbani mwaka 1941 baada ya miaka mingi Ulaya, akaichora 1942 hadi 1943. Tazama yale mashina yaliyosimama wima: ni miwa. Nawe wa Morogoro unajua muwa hauoti msituni. Hupandwa shambani, tena kwa safu. Katikati yake wamesimama viumbe wenye nyuso za vinyago na nyayo kubwa kupita kiasi, na juu kulia kuna mkono umeshika mkasi. Miwa ililetwa Karibi na Wazungu, kisha Waafrika wakaletwa kwa minyororo kuikata. Mshelisheli nao ulichukuliwa Tahiti, ukafikishwa Saint Vincent na Jamaika mwaka 1793, ili watumwa walishwe kwa gharama ndogo. Kwa hiyo mtu akiniambia wasanii hawa wanachora maumbile tu, huwa namuuliza: yaliletwa na meli ya nani?

Kuokota ndala ufukweni nako ni sanaa? (Msomaji, Malindi)

Inategemea unazifanyia nini. Tony Capellán wa Jamhuri ya Dominika alikusanya ndala zilizosombwa na mto Ozama kutoka mitaa ya maskini ya Santo Domingo. Katika "Mar Caribe" ya mwaka 1996 alizitandika sakafuni kwa mamia, za buluu na za kijani, mpaka zikawa bahari. Inama: penye kanda za kupitishia vidole pana seng'enge ya miiba. Huko kwenu ndala za ufukweni huchongwa zikawa tembo na twiga, kazi safi kabisa, ila ile ya Capellán imekusudiwa ichome.

Sanamu zilizozamishwa baharini Grenada haziharibu mazingira? (Msomaji, Dar es Salaam)

Zile za ghuba ya Molinere, zilizoanza kuzamishwa mwaka 2006, ni za saruji iliyotengenezwa ili matumbawe yaishike na kuota. Kimbunga Ivan kilikuwa kimeharibu sana miamba mwaka 2004, na sanamu zinawavuta wapiga mbizi mbali na matumbawe ya asili. Kati yake zipo sanamu za watoto 26 walioshikana mikono kwa duara, na wengi huwaona kama Waafrika waliotupwa baharini kutoka meli za watumwa. Msanii wao, Jason deCaires Taylor, amesema hakukusudia hivyo. Sawa, lakini kwa bahari ile sioni watu wangefikiria nini kingine.

Nachora Zanzibar, rangi na turubai vinanishinda bei. Nifanyeje?

Frank Walter wa Antigua (1926–2009) alichora bahari na miti ya kisiwa chake kwenye kadibodi, migongo ya picha za kamera na maboksi ya filamu za Polaroid. Nyingi ni ndogo. Alizeekea kilimani, bila umeme wala maji ya bomba. Mwaka 2017, akiwa ameshafariki, kazi zake ndizo zilizoiwakilisha Antigua na Barbuda iliposhiriki kwa mara ya kwanza maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia. Anza na boksi la viatu. Lipake kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, liache likauke, la sivyo kadibodi itakunywa rangi yako yote.