Mwerebi: Chagua Mahali Kabla ya Kuchomeka Kijiti

Mwerebi (kwa Kiingereza willow) ni mti rahisi mno kuotesha, na urahisi huo ndio ulionitia hasarani. Wa kwanza niliupata kama kijiti kutoka kwa jirani, nikakichomeka hatua chache tu kutoka ukutani, mahali palipokuwa na unyevu mwaka mzima, wala sikujiuliza unyevu huo ulitoka wapi. Kumbe ulitoka kwenye bomba la maji machafu lenye ufa. Miaka michache baadaye mizizi ilikuwa imepenya kwenye ufa huo na kulijaza bomba zima kama sufi ndani ya mto, nikalazimika kulipa fundi alifukue na kuukata mti.

Kwa hiyo, anza na mahali. Aina kubwa, hasa ile ambayo matawi yake huning'inia hadi chini (mtaalamu wa mimea Linnaeus aliiita Salix babylonica, yaani ya Babeli, mwaka 1753, ingawa asili yake ni China), mimi singeipanda chini ya mita 20 kutoka kwenye nyumba au mabomba, na penye udongo wa mfinyanzi ningeongeza umbali, kwa kuwa udongo huo husinyaa mizizi inapounyonya maji na msingi wa nyumba huweza kutitia. Mwenye bustani ndogo achague aina za vichaka.

Upandaji wenyewe ni kazi ya dakika chache. Mti ukiwa umepukutisha majani, kata tawi la mwaka mmoja lenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 30, ulizamishe theluthi mbili ardhini penye jua, macho (mahali majani yanapochipukia) yakielekea juu. Dawa ya kuotesha mizizi haihitajiki. Linalohitajika ni maji ya kutosha na kung'oa nyasi zinazolizunguka kwa miaka miwili ya mwanzo.

Kupogoa nako hufanywa wakati mti umelala, yaani hauna majani. Aina zinazopendwa kwa fito zake nyekundu au za manjano hukatwa karibu na kisiki kila mwaka au miwili, kwa sababu rangi hiyo iko kwenye machipukizi mapya. Matawi makubwa ya miti mirefu yakaguliwe, maana mbao zake ni laini na huvunjika kwa upepo.

Tena, usidhani kwamba tawi lililokatwa limekufa. Vigingi vya uzio nilivyochonga kutoka kwenye mti ule nilioukata vilichipua majani vyote, isipokuwa viwili nilivyovipigilia kichwa chini.