Waraka uliopigwa picha hausomeki kwa asiyeona

Dada yangu wa Wete, unauliza kwa nini mwanachama wenu asiyeona hapati kitu kwenye kumbukumbu za mkutano mlizoweka kwenye tovuti, ilhali faili linafunguka. Sababu ni skana. Mlichapisha, mkagonga muhuri, mkaskani. Kilichobaki ndani ya PDF ni picha ya maandishi. Programu ya kusoma skrini kama NVDA, inayomsomea asiyeona kwa sauti, nayo ni ya bure, kwa kawaida haioni herufi hata moja. Nilikaa na jamaa yangu hapa Chake akifungua waraka kama huo: anabonyeza mshale wa chini, mara ya tatu, ya nne, kimya. Inauma sana.

Jaribu kuteua neno moja kwa mausi. Likikataa, ndiyo hiyo picha. Rudi kwenye faili la Word. Vichwa uvipe mitindo ya vichwa iliyomo humo, usikoze wino tu, maana asiyeona huruka kichwa hadi kichwa. Picha ziandikie maelezo. Kisha hifadhi kama PDF moja kwa moja, usipitie amri ya kuchapisha. Nakala yenye muhuri iwekeni pia, ila isiwe peke yake. Faili la mwanzo likiwa limepotea, pigeni chapa upya.