Mama anasema friji za zamani ndizo friji. Nani yuko sahihi?

Ndugu mleta uzi, mvutano wa nyumbani kwako naufahamu vizuri. Mama hataki friji yake ya zamani iondoke, anasema za siku hizi ni makopo tu. Wewe unataka mpya yenye inveta, ile ambayo kompresa yake hubadili mwendo. Mdogo wako anaona chombo kikifikisha miaka mitano kimeshafanya kazi yake, ukanunue kingine. Kazi yangu ni kutengeneza vyombo vya umeme vya nyumbani, vya enzi za wazazi wetu na vilivyotoka kiwandani juzi, na ubishi huu huu unazuka mezani kwangu mara kwa mara. Nitakujibu kwa yale ninayoyaona nikishafungua skrubu.

Nianze na mama, maana wazee wanadharauliwa sana kwenye jambo hili. Mzee akionyeshwa pasi mpya hasomi maandishi ya kwenye boksi. Anainyanyua kwanza, anausikia uzito wake mkononi. Akifika kwenye friji anagonga bati kwa kidole na kusikiliza. Vijana wanacheka, lakini kipimo hicho kina maana. Mota nzito mara nyingi ina shaba nyingi ndani, na mota yenye shaba ya kutosha inahimili joto na umeme unaopanda na kushuka. Feni ya zamani nikiifungua nakuta waya wa shaba mnene, na kila kipande kimefungwa kwa skrubu au nati. Ikikwama, nasafisha vumbi lililogandana na mafuta yaliyokauka, natia mafuta mapya kwenye bushi, inazunguka tena. Ikiungua kabisa, mota inasukwa upya. Kuna feni za leo ambazo waya wake unang'aa kama shaba, lakini ukiukwangua kidogo kwa kisu unakuta weupe: ni aluminiamu iliyovikwa shaba juu. Hiyo ikiungua sina cha kukuahidi.

Kwa hiyo mama anaposema alinunua chombo akakitumia mpaka watoto wakakua, hasemi uongo. Ila anahukumu kwa kile kilichobaki. Vyombo vya wakati uleule vilivyokufa mapema vilishatupwa zamani, hakuna anayevikumbuka. Mimi navikumbuka kwa sababu vingine vinaletwa kwangu kwa ajili ya spea: mabati yaliyoliwa na kutu, nyaya zilizofunikwa raba iliyokauka hadi inapukutika ukiikunja, plagi zisizo na waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Ile moja iliyosalimika ndiyo inayosimama jikoni na kutoa ushahidi kwa niaba ya zote.

Kuna na upande ambao wazee hawapendi kuusikia. Friji za zamani zilikuwa na komeo la nje, mlango ukishajifunga huwezi kuusukuma ukiwa ndani. Watoto waliojificha kwenye friji zilizotelekezwa walikufa kwa kukosa hewa, hadi Marekani ikatunga sheria mwaka 1956 kwamba mlango lazima ufunguke kwa kusukumwa kutoka ndani. Raba yenye sumaku tunayoiona leo ikaenea baada ya hapo. Mashine za kukaushia nywele nazo, hadi mwaka 1979 nyingine zilikuwa na asbesto ndani, vumbi linalodhuru mapafu. Halafu gesi: friji nyingi za enzi hizo zilijazwa R-12, mojawapo ya gesi zilizotoboa tabaka la ozoni na kusababisha Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, mkataba wa mataifa wa kuziondoa gesi hizo. Ukiongelea ubora wa friji ya zamani, na haya uyaweke mezani.

Umeme ndio unaompa mdogo wako nguvu. Katikati ya miaka ya 1970 friji ya kawaida Marekani ilikula karibu uniti 1,800 kwa mwaka. Leo friji yenye ukubwa kama huo, au hata kubwa zaidi, inatumia kama robo ya hizo. Kompresa ya inveta haiwaki kwa kishindo na kuzima kama ya zamani. Inapunguza mwendo na kuuongeza kulingana na joto la ndani, ndiyo maana haina kelele na haivuti umeme mwingi kwa mkupuo mmoja inapoanza. Anayelipa luku au bili mwenyewe anayaona haya kila mwezi. Mzazi ambaye bili inalipwa na mwanawe hayaoni, na hapo ndipo hukumu zao zinapoachana.

Ninachokikataa kwa vijana ni ule utayari wa kukubali chombo kife. Wiki chache zilizopita nililetewa mashine ya kufulia ya mlango wa mbele, inaunguruma wakati wa kukamua. Ugonjwa wa kawaida, beringi. Kwenye mashine za zamani tangi la plastiki linashikwa kwa skrubu au klipu kuzunguka kingo zake, unaligawa vipande viwili, unagonga beringi za zamani zitoke, unaweka mpya na sili yake. Hii tangi lake lilikuwa limeunganishwa kwa joto kiwandani, vipande viwili vimeyeyushwa vikawa kimoja. Kiwanda hakiuzi beringi zake, kinauza tangi zima pamoja na dramu, na bei yake inakaribia mashine mpya. Nililipasua kwa msumeno kwenye mstari wa kiungo, nikabadilisha beringi, nikatoboa matundu kuzunguka na kulifunga kwa boliti na gundi ya silikoni. Inafua mpaka leo. Lakini kijana mwenye mashine alikuwa ameshaagiza nyingine, kwa sababu kule alikonunua walimwambia haitengenezeki. Mota yake ilikuwa nzima, pampu nzima, bodi nzima. Beringi mbili za kushika kiganjani zilikuwa zinaipeleka jalalani. Jambo hili linaniuma kuliko kompresa yoyote iliyokufa kwa uzee.

Wengi wanasema viwanda vinapanga makusudi vyombo vife. Kuna tukio moja lenye ushahidi: mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu walikutana Geneva, wakaunda umoja ulioitwa Phoebus, wakakubaliana balbu isiwake zaidi ya saa 1,000, na aliyezidisha alitozwa faini. Lakini hata kwenye balbu kulikuwa na hesabu ya kweli, maana waya wa ndani ukiuacha udumu sana unatoa mwanga hafifu kwa umeme uleule. Ile balbu maarufu ya Livermore, California, inayowaka tangu mwaka 1901, mwanga wake ni mdogo sana, huwezi kusomea.

Kwenye meza yangu nakuta ubahili zaidi kuliko njama. Fungua bodi ya friji au mashine iliyokufa ghafla, angalia zile kapasita, vikopo vidogo vya mviringo vinavyotunza umeme. Iliyokufa inavimba kichwani, wakati mwingine inatoa utomvu wa kahawia pembeni. Soma ubavuni: imeandikwa nyuzi 85, kikomo cha joto inachohimili, na imepandwa pembeni kabisa ya kipande cha chuma kinachopoza moto. Ya nyuzi 105 ingegharimu zaidi kidogo sana. Kwa kawaida kila ukiipunguzia kapasita joto la nyuzi 10, umri wake unakaribia kuongezeka maradufu, kwa hiyo hata kuisogeza mbali kidogo na moto kungeipa miaka. Mtu wa kiwandani aliokoa senti, mteja akapoteza friji. Ukikutana na fundi mwenye chuma cha lehemu na subira, friji hiyo inarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kizazi changu, cha katikati, nacho kina ugonjwa wake: tunanunua jina na nchi. Zamani ilisaidia. Sasa vyombo vyenye majina tofauti vinatoka kiwanda kimoja, na jina lilelile lina toleo zito na toleo jepesi. Kompresa ya friji mbili zinazobishaniwa dukani unaweza kukuta ni ileile.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo: katika hoja zote za mama, iliyo na nguvu kuliko zote ni kwamba chombo chake kilifunguka. Hilo halina uhusiano na zama, linaweza kudaiwa hata leo. Ulaya wameshalidai kisheria: tangu mwaka 2021 mtengenezaji wa friji anatakiwa kuwa na spea muhimu kwa angalau miaka 7 baada ya toleo la mwisho kuuzwa, na wa mashine za kufulia miaka 10. Ufaransa mwaka huohuo ilianza kulazimisha mashine za kufulia ziuzwe zikiwa na alama inayoonyesha zinatengenezeka kwa kiasi gani.

Sasa friji ya mama. Soma kibandiko cha nyuma uone gesi yake. Weka karatasi kwenye raba ya mlango, funga, ivute: ikitoka bila kushikwa, badilisha raba kabla ya kulaumu kompresa. Kisha sikiliza mchana mzima. Kompresa ikipumzika vizuri kati ya mizunguko, muachie mama friji yake, bado ina maisha. Ikiwa haizimi kabisa hata baada ya raba mpya, basi inakula umeme bure, nunua hiyo ya inveta. Dukani usiulize ina vitufe vingapi. Uliza bodi yake inauzwa peke yake, raba ya mlango inapatikana, na nani anaitengeneza baada ya waranti. Muuzaji akikosa majibu, nenda kwingine. Nunua na kilinda umeme, maana bodi ya inveta haivumilii umeme unaorukaruka kama kompresa ya mama ilivyovumilia.

Ya zamani ikiondoka, kama ni R-12 mpe fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi, asikate mrija na kuiachia hewani. Na kabla haijakaa nje hata usiku mmoja, ng'oa mlango.