Usiunganishe thamani ndani ya EXECUTE

Funksheni uliyotuonyesha, inayomtafuta mteja kwa jina kwa kutumia EXECUTE (inayotekeleza matini kama amri ya hifadhidata), usiipeleke kwenye seva inayotumiwa na watu. Umeuliza namna ya kupokea jina la jedwali kama parameta katika PL/pgSQL (lugha ya kuandikia funksheni ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL), na kama amri inayoundwa papo hapo ni nzito kuliko ya kawaida. Lakini mstari uliotuonyesha unalichukua jina la mteja na kulibandika kwa alama za ||, zinazounganisha matini, katikati ya matini ya amri, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Funksheni ya namna hiyo hiyo ilikuwamo katika mfumo wa malipo ambao timu yetu iliuhudumia. Ilimpata Juma, ikampata Asha, hadi alipotafutwa mteja aitwaye Ng'ang'a. Ritifaa ya kwanza ilifunga nukuu, herufi zilizofuata zikasomwa kama sehemu ya amri, na PostgreSQL ikarudisha kosa la sintaksia. Wengi waliliona jambo hilo kuwa kero ya tahajia tu. Kumbe kama jina la mtu linaweza kufunga nukuu, basi yeyote anaweza kuifunga kwa makusudi na kuandika atakacho baada yake: akijaza x' OR '1'='1 mahali pa jina, anapewa safu zote za jedwali. Ubaya zaidi, funksheni ilitangazwa SECURITY DEFINER, kwa hiyo ilitekelezwa kwa mamlaka ya mmiliki wake, wala si ya aliyeiita. Na kwa kawaida PostgreSQL huruhusu kila mtumiaji kuita funksheni mpya mpaka ruhusa hiyo iondolewe. Mtumiaji asiye na haki ya kusoma jedwali lolote la malipo angeweza kuyasoma yote. Tulilazimika kuusimamisha mfumo, kupekua kumbukumbu za seva, na kumweleza mwenye mali kwamba hatuwezi kuthibitisha nani amesoma nini.

Hadi leo ninamkasirikia mkufunzi aliyetuambia kwamba kitu kikishahifadhiwa ndani ya hifadhidata kimekuwa salama. Amri ya kawaida ndani ya funksheni ni salama kwa sababu parameta zake hupokewa kama thamani. EXECUTE hupokea matini na kuichanganua upya, bila kujua kipande kipi umekiandika wewe na kipi kimetoka kwa mgeni. Mkufunzi huyo hana kisingizio, maana USING, inayopeleka thamani kando ya matini ya amri, imo tangu toleo 8.4 la mwaka 2009, na format(), inayojaza nafasi zilizoachwa ndani ya matini, tangu toleo 9.1 la mwaka 2011.

Kwa hiyo thamani ipitie USING, jina la kitu cha hifadhidata, kama jedwali, lipitie %I ya format(), inayoliandika kama jina, na pasiwe na njia ya tatu:

EXECUTE format('SELECT count(*) FROM %I.%I WHERE jina = $1', skima, jedwali) INTO idadi USING jina_la_mteja;

Alama $1, inayoishikia nafasi thamani ya kwanza ya USING, haiwezi kushika nafasi ya jedwali wala safuwima, ndiyo maana %I inahitajika. Tenganisha skima (kundi ambamo majedwali yamo) na jedwali kama nilivyofanya, kwa sababu ukiipa %I moja matini mauzo.ankara, italichukulia kuwa jina moja lenye nukta ndani yake, na jedwali halitapatikana. Usiweke %s mahali pa %I, kwani hiyo hubandika matini kama ilivyo. Hata %I hulinda maandishi tu. Haijui kama mtu huyo anastahili kuliona jedwali alilolitaja, hivyo linganisha jina hilo na orodha ya majedwali unayoyaruhusu kabla ya kufika EXECUTE. Kama utahitaji kupanga matokeo, ASC (kupanda) au DESC (kushuka) iamuliwe kwa IF ndani ya funksheni, isitoke kwa mtumiaji.

Na ikiwa ni lazima iwe SECURITY DEFINER, funga search_path (orodha ya skima ambamo majina hutafutwa) katika tangazo lake, kisha tumia amri ya REVOKE kuondoa ruhusa ya PUBLIC, yaani ya watumiaji wote, kabla hujampa mtu yeyote ruhusa ya kuiita.