Lita za Maji Hazitoshi Kukadiria Gharama ya Bwawa

Swali: Mhandisi, ninakusudia kujenga bwawa la kuogelea la kuchimbiwa ardhini, lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 4. Kina kitakuwa mita 1.2 upande mmoja na mita 2 upande wa pili, kikipimwa kutoka ukingoni. Sakafu itakuwa tambarare kwa mita 6, itateremka kwa mita 2.5, kisha itakuwa tambarare tena hadi mwisho. Fundi amesema bwawa litabeba lita 64,000, na kwamba gharama yote hupatikana kwa kuzidisha ujazo huo kwa bei yake ya kila mita ya ujazo. Je, hesabu hiyo ni sahihi?

Jibu: Si sahihi, na kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Nianze na maji. Fundi wako amechukua wastani wa 1.2 na 2, akapata 1.6, kisha akazidisha kwa urefu na upana. Wastani wa namna hiyo unafaa pale tu sakafu inapoteremka kwa mfululizo kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na ya kwako haiteremki hivyo. Chora bwawa kama unalitazama ubavuni, uligawe katika vipande vitatu: 6 × 1.2 ni 7.2, 2.5 × 1.6 (wastani wa kina kwenye mteremko pekee) ni 4, na 1.5 × 2 ni 3. Jumla ni mita za mraba 14.2, ambazo ukizizidisha kwa upana wa mita 4 unapata mita za ujazo 56.8. Tena maji hayafiki ukingoni. Yakikaa sentimita 15 chini yake, unaondoa mita za ujazo 6, na kinachobaki ni 50.8, yaani lita 50,800. Makadirio ya fundi yamepita kiasi kwa zaidi ya robo, na ukimfuata utanunua pampu kubwa kuliko inayohitajika, na kila dozi ya klorini utakayoweka itazidi kwa kiasi hicho hicho. Siku ya kulijaza, andika usomaji wa dira ya maji kabla na baada; hakuna hesabu ya karatasini inayoishinda dira.

Sasa nije kwenye jambo ninaloulizwa karibu kila wiki, na ambalo limewaacha watu wengi na mashimo yasiyokamilika: imani kwamba bwawa lina bei kwa kila mita ya ujazo wa maji. Maji ndiyo sehemu rahisi kuliko zote katika ujenzi huu. Unacholipia ni udongo unaotolewa, zege na nondo, eneo la kupigwa plasta na kuwekwa vigae, mabomba, pampu na chujio, na kila kimoja kina kipimo chake kisichofuatana na lita.

Chukua shimo lenyewe. Tuseme ardhi iko usawa mmoja na ukingo, kuta zina unene wa sentimita 20, mafundi wanahitaji nafasi ya sentimita 40 nje ya kila ukuta, na chini ya maji kuna zege la sentimita 20 juu ya tabaka la kokoto la sentimita 10. Shimo hilo lina urefu wa mita 11.2 na upana wa mita 5.2, na ujazo wake unafika mita za ujazo 101, karibu mara mbili ya maji. Udongo ukichimbuliwa hufumuka, kwa kawaida kwa asilimia 20 hadi 30, kwa hiyo utakuwa na rundo la takribani mita za ujazo 127. Sehemu itarudi kufukia nyuma ya kuta, na iliyobaki lazima isombwe kwa malori. Eneo la ndani la kuta na sakafu, kwa vipimo vyako, ni kama mita za mraba 82, na hilo ndilo linaloamua plasta na vigae. Fundi anayekutajia bei kwa lita amevuka hayo yote bila kuyapima, na tofauti itakapojitokeza ataidai kwako katikati ya kazi, wakati huwezi tena kumwondoa.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba mafundi wa aina hii hawachimbi shimo la majaribio, la kuona maji ya ardhini yako kina gani. Wanasema zege ni zito, bwawa haliwezi kwenda popote. Hesabu inawakanusha. Zege la bwawa lako ni karibu mita za ujazo 18, uzito wake takribani tani 42. Maji ya ardhini yakipanda hadi ukingoni huku bwawa likiwa tupu, yatalisukuma juu kwa nguvu ya tani 74 hivi. Msuguano wa udongo pembeni husaidia kidogo, lakini mwenye busara hautegemei. Bwawa lililojaa halitikisiki kwa sababu uzito wa maji yaliyomo unalishikilia. Hatari huja siku linapomwagwa ili lisafishwe au kukarabatiwa, mara nyingi baada ya mvua nyingi, ambapo sakafu hupasuka au bwawa zima huinuka na kukata mabomba. Niliwahi kuitwa mahali ambapo hilo lilikuwa limekwisha kutokea, na hapakuwa na kitu cha kuokoa isipokuwa pampu.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, chimba shimo la majaribio litakalofika chini zaidi ya sehemu yenye kina kirefu ya uchimbaji, yaani zaidi ya mita 2.3 kwako, na ulichimbe katika msimu wa mvua. Liache siku kadhaa, kisha upime maji yaliposimama. Yakionekana, mhandisi wa miundo apange mifereji ya kukusanya maji chini ya sakafu, vali za kupunguza shinikizo na, ikibidi, zege nene zaidi, na hayo yote yaingie kwenye gharama tangu mwanzo. Mdai mkandarasi mchanganuo wenye kipimo na bei ya kila kazi peke yake: uchimbaji, usombaji, zege kwa mita za ujazo, nondo kwa kilo, vigae kwa mita za mraba. Akikataa kuuandika, usimpe malipo ya awali.