Mtumwa Aliyemshtaki Bwana Wake

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu amefundishwa shuleni kwamba watumwa wa Marekani walikombolewa na Rais Abraham Lincoln mwaka 1863. Je, wao wenyewe hawakufanya lolote kabla ya hapo, hasa wanawake, ambao kutoroka na watoto kuliwawia vigumu? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Tangazo la Lincoln liliwahusu watumwa wa maeneo yaliyoasi tu, utumwa ulifutwa nchi nzima kwa marekebisho ya 13 ya katiba, Desemba 1865. Lakini zamani kabla ya hapo walikuwapo waliojipigania, na mmoja wao ni Elizabeth Freeman, ambaye utumwani aliitwa Bett tu.

Bett alitumikia nyumbani kwa John Ashley, tajiri wa mji wa Sheffield, Massachusetts. Ni katika nyumba hiyohiyo, mwaka 1773, wakubwa wa mji walipoandaa azimio la kuwalalamikia watawala wa Kiingereza, wakatamka kwamba wanadamu kwa asili yao ni sawa na ni huru. Bett hakujua kusoma, ila masikio alikuwa nayo. Hannah, mke wa Ashley, alikuwa mkali mno. Siku moja aliinua sepetu ya chuma iliyotoka motoni ili ampige msichana mmoja wa nyumbani humo, Bett akaikinga kwa mkono wake mwenyewe. Jeraha hilo hakulifunika. Mgeni akiuliza mbele ya bibi huyo mkono umepatwa na nini, Bett alimjibu amuulize bibi mwenyewe.

Katiba ya Massachusetts ya mwaka 1780 iliposema kuwa watu wote huzaliwa huru na sawa, Bett alimwendea wakili Theodore Sedgwick, ambaye ndiye aliyeshiriki kuandika lile azimio la 1773, akamtaka amdaie uhuru kwa sheria hiyo. Alishtaki pamoja na mtumwa mwenzake, Brom. Agosti 1781, katika mahakama ya Great Barrington, wazee wa baraza waliamua kwamba wawili hao si watumwa, na Ashley akaamriwa kuwalipa fidia ya shilingi 30. Alikata rufaa, kisha akaiacha. Bett alikataa kurudi kwake hata kwa mshahara, akaenda kufanya kazi ya kulipwa kwa Sedgwick, na baadaye akanunua nyumba yake mwenyewe. Sensa ya mwaka 1790 haikuandika mtumwa hata mmoja Massachusetts.

Msomaji asidhani kwamba waliobaki utumwani walikosa ujasiri. Kwa maoni yangu walikosa sheria ya kushika. Huko Virginia, sheria ya mwaka 1662 iliagiza mtoto afuate hali ya mama yake, hivyo hata bwana aliyemzalisha mtumwa wake alijiongezea mali. Missouri nako, mwaka 1855, msichana aitwaye Celia alimuua bwana wake, Robert Newsom, aliyekuwa akimbaka kwa miaka kadhaa. Mawakili wake walionyesha kwamba sheria ya jimbo ilimlinda “mwanamke yeyote” asiingiliwe kwa nguvu. Hakimu alikataa wazee wa baraza waelekezwe hivyo, na Desemba mwaka huohuo Celia akanyongwa.